Madoa yakitoweka usishangilie: vimelea kwenye tangi la maji chumvi, tiba na kinga (uzi mrefu)

Mlinzi wa Tangi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila baada ya muda mfupi naona humu jambo lilelile. Mtu anaweka picha ya samaki mwenye vidoa vyeupe kama punje za chumvi, anaomba ushauri, anapewa majina matano ya dawa. Siku nne baadaye anarudi kushukuru: vidoa vimeisha, amepona. Kisha kimya. Wiki mbili zikipita anarudi tena, safari hii anauliza kwa nini samaki wake wote wanakufa kwa mpigo.

Mimi nilishakuwa mtu huyo. Nilinunua samaki aina ya kangaja wa buluu, mzuri, mnene, anakula palepale dukani. Nikamtia moja kwa moja kwenye tangi kubwa lenye matumbawe na samaki wengine sita. Siku ya tatu nikaona vidoa vitatu kwenye pezi la kifuani. Muuzaji akaniambia ni uchovu wa safari, nichanganye chakula na kitunguu saumu. Nikafanya hivyo. Siku ya saba ngozi ilikuwa safi kabisa, nikalala kwa amani.

Siku ya kumi na tano niliamka kabla ya alfajiri, nikawasha tochi ndogo. Kangaja alikuwa amesimama mbele ya pampu, kichwa kimeelekea mkondo wa maji, mdomo wazi. Mwili mzima ulikuwa kama umenyunyiziwa sukari. Nikahesabu matamvua yake yalivyokuwa yanafunguka na kufunga: zaidi ya mara 120 kwa dakika. Nyuma yake samaki kipepeo alikuwa anajisugua ubavu kwenye jiwe, anageuka, anajisugua tena. Katika samaki saba nilibaki na wawili.

Kwa hiyo jambo ninalotaka kulisema, na nitalirudia mpaka lieleweke: doa likitoweka, kimelea hakijafa. Kimeshuka kwenda kuzaa. Anayeumwa si samaki peke yake, ni tangi zima.

Sasa tuangalie maisha ya huyu mdudu, maana ukiyaelewa, karibu tiba yote utaikisia mwenyewe.

Ugonjwa wa madoa meupe kwenye maji chumvi unaletwa na kimelea chenye seli moja kinachoitwa *Cryptocaryon irritans*. Si yule wa maji baridi (yasiyo na chumvi), ingawa madoa yanafanana; dawa na mbinu za kule msizilete huku. Kimelea kikimpata samaki kinajichimbia chini ya tabaka la juu la ngozi au kwenye matamvua, na hapo kinakula kwa siku 3 hadi 7. Doa unaloliona ni chumba alichojichimbia. Akishiba anatoka mwenyewe, mara nyingi gizani, anazama chini na kutambaa kwa saa 2 mpaka 18 akitafuta pa kushika: mchanga, jiwe, kioo, gamba la konokono, bomba la hita. Akishashika anajifunga ndani ya kifuko kigumu. Humo anajigawa na kujigawa, na kifuko kimoja kinaweza kutoa vichanga mpaka 200.

Kifuko hakina haraka. Kuna kinachopasuka siku ya 3, kuna cha wiki nne, na watafiti wameshuhudia kilichochukua siku 72. Vichanga vikitoka vinaogelea kutafuta samaki. Nguvu zao zinaanza kupungua baada ya saa sita au nane tu, na visipompata samaki ndani ya siku moja au mbili vinakufa.

Hesabu sasa. Vidoa vitatu vimetoweka. Kila kimoja kinaweza kuleta vichanga 200, ndani ya chumba cha kioo ambacho samaki hana pa kukimbilia. Baharini vichanga hivyo vingesombwa na maji na wengi wao wasingemwona samaki hata mmoja. Kwenye tangi kila kichanga kina jirani.

Dawa zetu karibu zote zinaua hatua moja tu, ile ya vichanga vinavyoogelea. Kikiwa chini ya ngozi, dawa ya majini haikifikii. Kikiwa ndani ya kifuko, hata dawa ya shaba inapita juu yake. Ndiyo maana tiba ni ya wiki, na mtu anayekuuzia chupa ya siku tatu anakuuzia muda ule ambao mdudu angejiondokea mwenyewe kwenye ngozi.

Ninachofanya mimi siku hizi ni vitu viwili kwa pamoja. Samaki wote, hata wasio na doa, wanahamia tangi la tiba. Tangi kubwa linalazwa, kama shamba linavyolazwa: linakaa bila samaki hata mmoja kwa siku 76. Matumbawe, kamba na konokono wanabaki humo, hawaumwi ugonjwa huu. Vifuko vyote vitapasuka kimoja baada ya kingine, vichanga vitaogelea, havitakuta mtu.

Njia za tiba nitaziweka chini kadiri maswali yatakavyokuja. Karibuni.

---

Bi Matumbawe

Asante sana mkuu, umeeleza kitu ambacho nimekisoma mara nyingi bila kukielewa. Swali langu: siku 76 ni nyingi mno. Nikiacha samaki mmoja tu kwenye tangi kubwa, yule mgumu kukamatwa, si atakuwa sawa? Huyu hajawahi kuwa na doa.

---

Mlinzi wa Tangi

Hapana, dada. Huyo mmoja ndiye atakayelisha ukoo mzima wa vimelea mpaka wenzake warudi. Samaki anaweza kuwa na vimelea vichache ndani ya matamvua tu, na kwenye matamvua hutaviona kwa macho. Toa mawe ukilazimika. Mimi nilitoa nusu ya mawe saa nne za usiku kumkamata samaki mmoja wa urefu wa kidole, na ningefanya tena.

Na hesabu inaanza siku samaki wa mwisho anapotoka, si siku ulipoanza kuwakamata.

---

Fundi Pampu

Naomba kuongezea, maana nimekaa na haya matangi miaka mingi na sikubaliani na mwanzisha uzi kwenye kila kitu.

Kwanza niseme jinsi ya kutofautisha, kwa sababu watu wanatibu madoa meupe kumbe wana jambo baya zaidi.

Ukiona punje unazoweza kuzihesabu, zimetawanyika, na samaki bado anakula, huyo mara nyingi ni *Cryptocaryon*. Una siku kadhaa za kujipanga.

Ukiona kama vumbi laini la rangi ya dhahabu au kijivu, huwezi kuhesabu, linaonekana ukimulika tochi kwa pembeni, samaki anapumua haraka, anakimbia mwanga, anaganda mbele ya mkondo wa pampu na ameacha kula ghafla: huyo ni velveti, *Amyloodinium ocellatum*. Huyu anajishikiza kwa vijizizi na anapenda matamvua kwanza. Wengi wanakufa kabla vumbi halijaonekana mwilini. Kifuko kimoja kinatoa vichanga mpaka 256. Hapo huna siku, una saa.

Ukiona ute mzito mweupe unaning'inia kama ngozi inayobambuka, hasa kwa samaki klauni aliyetoka kuvuliwa baharini, huyo ni *Brooklynella hostilis*. Shaba haimwezi. Yeye hana kifuko, anajigawa palepale juu ya samaki, na dawa yake ya siku zote ni bafu la fomalini. Fomalini ni sumu na inahusishwa na saratani, kwa hiyo glavu, dirisha wazi, watoto mbali, na pampu ya hewa kwa nguvu zote kwa sababu inapunguza oksijeni majini. Ukiona chupa ina unga mweupe umetuama chini, usiitumie kabisa. Imeshageuka kitu kinachoua samaki.

Ukiona kidonda chekundu ubavuni, hasa kwa wale samaki wadogo wa kijani wanaouzwa makundi, fikiria *Uronema*. Huyo kulaza tangi hakumkomeshi kwa sababu anaishi bila samaki, anakula bakteria.

Na mwisho kuna minyoo bapa. Samaki anatikisa kichwa, anajisugua, macho yanafifia kama yana ukungu. Mtie kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kwa dakika tano, yenye joto na pH (kipimo cha uchachu wa maji) sawa na ya tangi lake. Minyoo inageuka myeupe na kudondoka chini ya ndoo, unaiona kwa macho. Tiba yake ni prazikwanteli, miligramu 2.5 kwa lita, na lazima urudie baada ya siku tano hadi saba, kwa sababu mayai hayafi kwa dawa.

Nisipokubaliana: si kila mtu lazima alaze tangi siku 76. Samaki aliyeugua *Cryptocaryon* akapona anapata kinga kiasi, na utafiti ulionyesha inaweza kudumu miezi kama sita. Nina mfumo wenye taa ya UV (mionzi inayoua vimelea maji yanapopita), chakula kizuri mara tatu kwa siku, samaki wasiogombana. Naamini vimelea vimo, lakini samaki wangu wananenepa.

---

Mlinzi wa Tangi

Fundi, nashukuru mno kwa darasa. Ile ya kutofautisha ni bora kuliko nilivyoandika mimi.

Kuhusu kuishi na kimelea: nakubali inawezekana kwa mtu mwenye mkono kama wako. Kinga hiyo ni ya yule aliyeugua. Ukiongeza samaki mpya, yeye hana. Umeme ukikatika usiku mzima, joto likashuka, kinga ya wale wa zamani inashuka pia, na akiba ya vimelea iko palepale mchangani. UV inaua tu kile kinachopita ndani yake. Kichanga kinachotokea mchangani na kumkuta samaki amelala sentimita kumi juu hakipiti kwenye taa. Kwa mgeni wa mambo haya, namshauri aanze kwa kusafisha kabisa.

---

Kamba Mwekundu

Wakuu, mimi nina kamba wasafishaji wawili na yule samaki msafishaji wa mistari. Niliambiwa watakula vimelea. Kwa nini haijafanya kazi? Nawaona kabisa wanamdonoa kangaja.

---

Fundi Pampu

Wanadonoa ngozi iliyokufa, ute, na vimelea vya juu juu. *Cryptocaryon* yuko chini ya ngozi, hawamfikii. Waache, wanampa samaki raha. Ila usiwategemee.

---

Mlinzi wa Tangi

Kitunguu saumu ni vilevile. Kinamshawishi samaki kula, na samaki anayekula ana nafuu. Hakiui kimelea. Na zile chupa zinazoandikwa kwamba zinaua vimelea na hazidhuru matumbawe, fikirini wenyewe: kichanga cha kimelea na viumbe vidogo vya kwenye mwamba vinafanana udhaifu. Dawa yenye nguvu ya kuua kimoja itaua na kingine.

---

Mwanafunzi wa Bahari

Tafadhali mwanzisha uzi, fundisha shaba hatua kwa hatua. Nimeua samaki kwa shaba, sitaki kurudia.

---

Mlinzi wa Tangi

Pole sana, ndugu yangu. Hapa nitaenda polepole, maana ndipo watu wengi wanapoangukia.

Tangi la tiba ni la kawaida kabisa: kioo au plastiki, chini patupu, hakuna mchanga, hakuna jiwe. Mchanga wa matumbawe na mawe yananyonya shaba, leo kipimo kinashuka, kesho kinapanda. Weka vipande vya bomba la plastiki wajifiche, hita, pampu ya hewa, na chujio la sponji. Sponji hiyo iwe imekaa wiki kadhaa nyuma kwenye mfumo wenye bakteria. Wengi wanaosema shaba imeua samaki wangu, kilichoua ni amonia. Tangi jipya halina bakteria, samaki wanne wanakojoa humo, siku ya tatu matamvua yameungua. Pima amonia kila siku. Ikipanda, badili maji, na maji mapya yatiwe shaba kwanza mpaka yafikie kipimo kilekile kabla hujayamimina.

Lakini angalieni hili: sponji iliyotoka kwenye tangi lenye ugonjwa ina vifuko. Ikishaingia kwenye shaba, vichanga vitakavyotoka vitakufa, kwa hiyo haina neno kwenye tiba ya shaba. Kwenye njia nyingine nitakayoitaja chini, usiitumie.

Shaba ziko aina mbili na hapa ndipo hatari ilipo. Kuna shaba huru, kipimo chake ni miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Kuna shaba iliyofungwa na kemikali nyingine, ambayo kipimo chake kwa kawaida ni kama miligramu 2 kwa lita au zaidi kidogo, kama lebo ya chupa itakavyosema. Mtu akichukua namba ya pili akaiweka kwenye aina ya kwanza, amezidisha mara kumi. Soma chupa mara mbili. Hakikisha na kipimio chako kinasoma aina hiyo ya shaba.

Panda taratibu kwa siku mbili au tatu. Ukifika, kaa hapo siku 30 mfululizo. Kipimo kikishuka chini ya kiwango hata kwa siku moja, mimi naanza kuhesabu upya, kwa sababu siku hiyo moja yawezekana ndiyo kifuko kilipopasuka. Pima asubuhi na jioni.

Usichanganye shaba na zile dawa za kuondoa amonia papo hapo. Zinaibadili shaba kuwa hali yenye sumu kali kwa samaki. Usiweke mkaa kwenye chujio, utainyonya shaba yote. Na tangi hilo, pampu hiyo, ndoo hiyo, visirudi kwenye matumbawe. Kamba na konokono wanakufa kwa kiasi kidogo mno cha shaba.

Papa na samaki bapa aina ya taa, wale wadogo: shaba marufuku. Mkunga na bunju hawana magamba ya kawaida ya kuwakinga, nao nawaogopea.

---

Mwanafunzi wa Bahari

Mungu akubariki. Sasa najua, ilikuwa ile ya kuondoa amonia. Niliona amonia imepanda nikamimina. Asubuhi wote walikuwa chini.

---

Bi Matumbawe

Kuna njia isiyo na dawa? Naogopa shaba baada ya kusoma hapa.

---

Mlinzi wa Tangi

Ipo, na kwa *Cryptocaryon* naipenda kuliko zote: kuhamahama.

Msingi wake ni ratiba ya mdudu mwenyewe. Anakaa kwenye samaki siku zisizozidi 7 kwa kawaida, na kifuko hakipasuki kabla ya siku 3. Angelo Colorni, mtafiti aliyefanya kazi Eilat huko Israeli, aliandika mwaka 1987 juu ya maisha ya kimelea hiki na namna ya kukidhibiti, na wazo la kumhamisha samaki kila siku ya tatu limejengwa juu ya hesabu hizo.

Unakuwa na matangi mawili madogo. Siku ya 1 samaki yuko la kwanza. Kabla saa 72 hazijaisha, unamhamishia la pili lenye maji mapya kabisa, joto na chumvi sawasawa. Vimelea vilivyodondoka vimebaki kwenye la kwanza ndani ya vifuko vyao. Unalimwaga, unalisafisha kwa klorini, unalikausha kabisa pamoja na bomba, hita na wavu. Kukauka ndiko kunakoua kifuko. Siku ya 4, ya 7, ya 10, unahama tena. Siku ya 13 samaki anatoka akiwa safi.

Maji ya zamani yasiende na samaki zaidi ya yale yanayomlowesha. Mimi namshika kwa bakuli lenye matundu, naacha maji yachuruzike kwa sekunde moja, namtia upande wa pili. Mkono wangu ninaufuta kwa taulo kavu kabla sijagusa tangi safi.

Onyo: haifai kwa velveti. Ratiba yake ni nyingine.

---

Fundi Pampu

Naongezea ya chumvi ndogo. Unashusha uzito wa maji (ukilinganisha na maji yasiyo na chumvi, ambayo ni 1.000) mpaka 1.009 kwa siku mbili, unakaa hapo siku 30 tangu doa la mwisho lionekane, kisha unapandisha taratibu kwa wiki nzima. Samaki wenye mifupa wanavumilia vizuri. Matumbawe, kamba na mawe hayavumilii, kwa hiyo ni kwenye tangi la tiba tu.

Ila lazima refraktomita (kifaa cha kupimia chumvi), na uisawazishe kwa maji ya kipimo, si kwa kubahatisha. 1.011 si 1.009. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayomwacha mdudu hai. Na zipo jamii za *Cryptocaryon* zinazovumilia chumvi ndogo, kwa hiyo doa likirudi usibishane nalo, badili njia. Velveti haijali kabisa chumvi kushuka kiasi hicho.

---

Pezi la Njano

Wakuu msaada wa haraka. Saa sita usiku sasa. Nina kangaja wa njano, klauni wawili na kipepeo mmoja mpya niliyemweka siku ya tano leo. Kipepeo hajala tangu asubuhi. Yuko mbele ya pampu. Nimemulika tochi kwa pembeni kama Fundi alivyosema, naona kama poda laini, haihesabiki. Kangaja naye anapumua haraka. Nifanye nini usiku huu?

---

Fundi Pampu

Ni velveti mpaka ithibitike vinginevyo. Zima taa za tangi. Ongeza hewa sasa hivi.

Una shaba? Una ndoo safi?

---

Pezi la Njano

Nina shaba iliyofungwa, chupa nzima, na kipimio. Ndoo ninayo. Tangi la tiba sina, nina kontena kubwa la plastiki.

---

Fundi Pampu

Kontena linatosha. Lijaze maji chumvi mapya, hita, jiwe la hewa, mabomba.

Halafu andaa ndoo ya maji yasiyo na chumvi wala klorini. Joto liwe lilelile la tangi, pH ipandishe kwa magadi ya kupikia kidogo mpaka ilingane, na hewa iwe inapuliza humo angalau nusu saa kabla. Mtie samaki mmoja mmoja, dakika tano, macho yasitoke kwake. Akilala ubavu na kukaa hivyo, mtoe hata kama ni dakika ya pili. Bafu hili linapunguza mzigo kwenye matamvua, halitibu. Kisha aingie kwenye kontena.

Kwa velveti huwezi kupanda kwa siku tatu kama kwa madoa meupe. Anza na nusu ya kipimo usiku huu, malizia kesho.

---

Mlinzi wa Tangi

Niko macho, mkuu, uliza lolote. Andika jumla ya lita za kontena hapa kabla hujamimina shaba, tuhakikishe hesabu pamoja.

---

Pezi la Njano

Lita 80 nimepima kwa ndoo.

Nimeanza na kipepeo. Dakika ya tatu ametulia, matamvua yanaenda. Mikono inatetemeka.

---

Pezi la Njano

Saa kumi na moja alfajiri. Wote wanne wako kwenye kontena. Shaba inasoma 1.1. Kipepeo amelala chini.

---

Pezi la Njano

Kipepeo amekufa saa mbili asubuhi. Kangaja na klauni wapo. Klauni mmoja amekula punje moja.

---

Bi Matumbawe

Pole sana jamani. Nimesoma huku nimeshika moyo. Klauni kula ni habari njema.

---

Mlinzi wa Tangi

Pole, mkuu. Kwa kipepeo ilikuwa imechelewa kabla hata hujawasha tochi. Hao watatu endelea nao: shaba ifike kamili leo jioni, amonia asubuhi na jioni.

Na wengine mnaosoma: huyu kipepeo alikaa siku tano kwenye tangi kubwa. Angekaa siku hizo kwenye tangi la karantini, angeumwa peke yake. Karantini si ya samaki anayeonekana mgonjwa. Kangaja wangu alikuwa mnene na anakula.

Tangi la karantini liwe mbali na tangi kubwa. Velveti inaweza kusafiri kwenye matone madogo yanayorushwa na viputo vya hewa, mimi natenganisha kwa mita tatu au zaidi. Wavu wake, ndoo yake, mpira wake wa kunyonyea maji. Na ukihudumia, anza na tangi safi, malizia na la karantini.

---

Kamba Mwekundu

Je, nikinunua matumbawe au konokono nao wakae karantini? Wao hawaumwi.

---

Mlinzi wa Tangi

Hawaumwi ila wanabeba. Kifuko kinashika kwenye gamba la konokono na kwenye kipande cha jiwe alichopandwa tumbawe. Wanakaa siku 76 kwenye tangi lisilo na samaki. Mwani pia. Kuwaosha kwa dawa za matumbawe kunaua wadudu wengine, vifuko hakuviui. Maji ya mfuko wa duka usimwage kwenye tangi lako kamwe.

---

Pezi la Njano

Narudi na taarifa wakuu. Leo ni siku ya 31. Shaba haijashuka chini ya 2.0 hata mara moja, nimeandika kila kipimo kwenye daftari. Kangaja ananinyang'anya mwani mkononi, tumbo limejaa. Klauni wamerudi kugombania bomba moja kati ya matatu. Tangi kubwa lina siku 31 bila samaki. Nilisoma kwamba kwa velveti wiki sita zinatosha, niwarudishe baada ya hapo?

---

Fundi Pampu

Umefanya kazi ya kiume kweli. Shaba anza kuishusha kwa kubadili maji na mkaa.

Kwa velveti peke yake wiki sita ndizo zinazotajwa. Lakini hukuwa na hadubini, hujui kama kipepeo alikuja na mmoja au wawili. Na mimi niliyebishana hapo juu nakuambia: nenda mpaka 76.

---

Pezi la Njano

Sawa mkuu, 76. Swali la mwisho: kule kwenye tangi kubwa kuna kamba wawili na konokono. Mabaki ya chakula hayapo tena maana samaki hawapo. Niwalishe vipi bila kuchafua maji?

---

Mlinzi wa Tangi

Kila kamba punje mbili za chakula kinachozama, kila siku ya pili, jioni taa zikizimwa. Mpe kwa koleo mpaka mguuni, ukiona ameshika ndipo uachie. Konokono wana mwani wa kioo. Acha ubavu mmoja usiukwangue. Na hicho kidogo ndicho kitakachowaweka bakteria wako hai wakisubiri samaki.